Tovuti ya Shule: Je, Mandhari Ibebe Kazi ya Programu-Jalizi?

Utangulizi

Kila mara walimu-wanafunzi wanaporudi kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha huja na maswali mengi, na maswali hayo ndiyo hutupa sisi wakufunzi kipimo cha kazi yetu. Mengi huhusu wingi wa watoto darasani, upungufu wa vitabu, na namna ya kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana kijijini. Siku hizi limeongezeka swali ambalo vitabu vyetu vya mbinu za kufundishia havijalizoea. Shule inapotaka kuwa na tovuti ya kuwekea mazoezi, matangazo na kazi za watoto, je, ichague mandhari iliyosheheni kila kitu, au ichague mandhari nyepesi na kuongeza programu-jalizi moja moja kadiri ya haja?

Wapo watakaosema kwamba swali hilo ni la mafundi wa kompyuta, wala halimhusu mwalimu wa shule ya msingi. Sisi hatukubaliani nao. Fundi hujenga akaondoka. Mwalimu ndiye abakiye na watoto. Kitakachopotea kikipotea, hakitakuwa mali ya fundi bali kazi ya mwalimu na haki ya mtoto. Kwa hiyo, katika makala haya tutaeleza maana ya maneno tunayotumia, tutapima hoja za pande zote mbili, tutatazama mambo yaliyokwisha kutokea humu nchini na kwingineko, na mwisho tutatoa maoni yetu pamoja na utaratibu ambao mwanachuo anaweza kuufuata.

Maana ya maneno

Tovuti ina sehemu tatu ambazo hatuna budi kuzitenganisha akilini kabla ya kuendelea.

Sehemu ya kwanza ni yaliyomo: maandishi, picha, mazoezi na majibu yake. Hayo huhifadhiwa katika hifadhidata, ambayo ni kama ghala la mavuno. Sehemu ya pili ni mandhari, yaani sura ambayo msomaji huiona: rangi, aina na ukubwa wa herufi, mahali pa kichwa cha habari, na jinsi ukurasa unavyojipanga katika kioo cha simu au cha kompyuta. Sehemu ya tatu ni programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ili tovuti iweze kufanya kazi fulani: kupokea fomu, kuendesha jaribio la maswali, kuonyesha kalenda ya muhula, au kuweka nakala ya akiba.

Kwa lugha ya darasani tunaweza kusema hivi. Yaliyomo ni somo lenyewe. Mandhari ni chumba cha darasa na rangi ya kuta zake. Programu-jalizi ni zana ambazo mwalimu huzileta na kuziondoa. Mfano huu hautoshelezi kila jambo, lakini utatusaidia.

Mfumo unaotumika zaidi kwa kujengea tovuti ndogo duniani ni WordPress, ambao ni wa bure na huendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote. Ulitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei, 2003, na watu wawili, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Historia yake yenyewe ina fundisho. Mlango wa programu-jalizi ulifunguliwa katika toleo la 1.2 la mwaka 2004; mlango wa mandhari ukafunguliwa katika toleo la 1.5 la mwaka 2005. Basi milango hiyo tangu mwanzo ilikuwa miwili, kila mmoja na kazi yake.

Lakini hapana ukuta kati ya milango hiyo. Mtengenezaji wa mandhari anaweza, akitaka, kuingiza ndani yake kazi yoyote ile ambayo programu-jalizi ingeifanya. Na kwa kuwa mandhari huuzwa sokoni, na mnunuzi huvutwa na orodha ndefu ya mambo, wauzaji wengi wamefanya hivyo. Mandhari moja huja na fomu, kalenda, maswali, picha zinazopishana, ukurasa wa walimu na ukurasa wa matokeo. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hawakusema kwamba kila kijiuzacho ni kizuri.

Hoja za wanaotetea mandhari iliyosheheni

Si haki kumkosoa mtu kabla ya kumsikiliza. Wanaotetea mandhari ya namna hii wana hoja nne ambazo zina uzito.

(a) Wepesi wa kuanza. Mwalimu wa shule ya msingi ana vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha, na pengine usimamizi wa bustani au wa michezo. Akipewa kitu kimoja kilichokamilika, anaweza kuanza kazi siku ile ile. Akiambiwa achague programu-jalizi sita kutoka katika maelfu yaliyopo, huenda asianze kabisa.

(b) Umoja wa sura. Vitu vilivyotengenezwa na mkono mmoja hupatana. Fomu hufanana na kalenda, na kalenda hufanana na ukurasa wa maswali. Mtoto anayejifunza kusoma hasumbuliwi na vitufe vinavyobadilika sura kila ukurasa.

(c) Uchache wa mizozo. Programu-jalizi zilizoandikwa na watu mbalimbali huweza kugombana zenyewe kwa zenyewe, na ugomvi huo ukaifunga tovuti nzima.

(d) Gharama ya kusasisha. Kila programu-jalizi hudai kusasishwa mara kwa mara. Kwa mwalimu wa kijijini anayenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha za mfuko wake mwenyewe, hilo si jambo dogo.

Tunakiri kwamba hoja hizi ni za kweli, na hasa ya kwanza. Mtu anayeipuuza hajapata kukaa katika shule ambayo umeme hukatika, na ambayo simu ya mwalimu mmoja ndiyo kompyuta ya shule nzima. Lakini hoja zote nne zinatazama siku ya kuanza. Hakuna hata moja inayotazama siku ya kubadilisha. Na siku ya kubadilisha huja, upende usipende.

Yaliyotupata

Ili tusionekane kuwa tunahubiri tusiyoyajua, tutaeleza kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika chuo kimoja tulikofanya kazi kabla ya kuja hapa Sola, tulipewa jukumu la kuanzisha tovuti ya mazoezi ya kufundishia. Tulichagua mandhari iliyosheheni. Ilikuwa nzuri ajabu, na kila aliyeiona aliisifu. Kwa mihula mitatu walimu-wanafunzi waliandika humo mazoezi ya Hisabati na Kiswahili kwa ajili ya darasa la tatu na la nne. Mengine yalikuwa ya kupendeza kweli kweli. Mwanachuo mmoja aliandika mfululizo wa mazoezi ya kujumlisha na kutoa kwa kufuata mizani ya pamba: mkulima amepeleka kilo kadhaa, gunia tupu lina uzito kadhaa, je, alipwe kwa kilo ngapi? Watoto wa Usukumani hawakuhitaji kuelezwa mizani ni nini.

Kisha mtengenezaji wa mandhari ile akaacha kuisasisha. Tovuti ikaanza kuwa nzito, na baadhi ya kurasa zikakataa kufunguka kwenye simu. Tukaamua kubadilisha mandhari. Sisi wenyewe ndio tuliobonyeza kitufe, bila kujaribu kwanza mahali pengine na bila kumwuliza mtu.

Mara ile ukurasa wa mazoezi ukatoweka. Haukufutwa, hilo tulikuja kulijua baadaye. Mazoezi yalikuwa bado yamo katika hifadhidata, lakini aina ile ya kurasa iliyoitwa "mazoezi" ilikuwa imetambulishwa na mandhari ya zamani, na mandhari mpya haikuitambua. Ghala lilikuwa limejaa, lakini mwenye ufunguo alikwisha kuhama nao. Kurasa nyingine zilionekana, lakini badala ya maswali na nafasi za majibu zilijaa mabano ya mraba yenye maneno ya amri, ambayo mandhari ya zamani pekee ndiyo iliyojua kuyafasiri. Ilitubidi kunakili maandishi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, siku nyingi baada ya saa za kazi. Mazoezi ya mizani tuliyapata. Majibu ambayo watoto wa shule ya mazoezi walikuwa wameyatoa, ambayo wanachuo walikusudia kuyachambua katika ripoti zao, hatukuweza kuyasoma tena.

Wanachuo wale walimaliza mafunzo yao kwa ripoti pungufu. Hatuna wa kumlaumu zaidi ya nafsi zetu. Tulikuwa tumeifunga kazi ya wanafunzi wetu ndani ya nguo, na nguo ilipochakaa tukaitupa pamoja na kilichokuwa mfukoni.

Yaliyowapata wengine

Tungeweza kudhani kwamba mkasa wetu ni wa wageni wa kazi hii. Sivyo. Mwezi Agosti, 2011, Mark Maunder, mtaalamu wa programu aliyekuwa na kampuni yake Marekani, aligundua kwamba tovuti yake mwenyewe imeingiliwa. Alipochunguza alikuta mlango ulikuwa ndani ya mandhari: hati ndogo iitwayo TimThumb, iliyotumika kupunguza ukubwa wa picha. Hati hiyo ilikuwa imefungashwa katika mandhari nyingi sana, na wenye tovuti hawakujua kwamba wanayo. Mtu hawezi kufunga mlango asioujua.

Mwaka 2014 jambo la namna hiyo lilitokea tena kwa sura nyingine. Ilikuwapo programu-jalizi iitwayo Slider Revolution, yenye kazi ya kuonyesha picha zinazopishana. Iliuzwa peke yake, na pia ilifungashwa ndani ya mandhari nyingi. Kasoro ilipoonekana, watengenezaji waliirekebisha mapema mwaka huo. Aliyeinunua peke yake aliweza kupata rekebisho. Aliyeipata ndani ya mandhari alibaki akingoja muuzaji wa mandhari amletee, na wengi hawakuletewa. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo wadukuzi walizivamia tovuti kwa makundi, na Google ilizitia alama ya hatari anwani zaidi ya 11,000.

Tutazame vizuri kisa hiki cha pili, kwa sababu kinajibu hoja (d) ya hapo juu. Ilisemwa kwamba mandhari iliyosheheni humpunguzia mwalimu kazi ya kusasisha. Kumbe haimpunguzii bali humficha kazi hiyo. Kazi ipo pale pale, ila yeye haioni, na aliyekabidhiwa kuifanya yuko mbali wala hamjui.

Ndiyo maana hazina rasmi ya mandhari za WordPress imeweka sharti kwamba mandhari inayotaka kuingizwa humo isibebe kazi ambazo ni za programu-jalizi. Mandhari ishughulike na sura. Kinachounda au kuhifadhi yaliyomo kikae nje. Sharti hilo haliwabani wanaouza katika masoko mengine, na kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuwa macho mwenyewe.

Mifano mema

Mifano ya kufuata tunayo, na mingine iko karibu nasi.

Wengi wenu mnaitumia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Mfumo wake, MediaWiki, hutenganisha waziwazi sura, ambazo huitwa ngozi, na viendelezi, ambavyo hufanya kazi mbalimbali. Mwaka 2010 Wikipedia zilianza kuacha ngozi ya zamani iliyoitwa Monobook na kuvaa mpya iliyoitwa Vector. Na baadaye Vector nayo ikafanyiwa umbo jipya. Msomaji aliona ukurasa umebadilika. Lakini makala juu ya ziwa, mlima au mshairi yalibaki neno kwa neno kama yalivyoandikwa. Fikirini ingekuwaje kama kazi ya wachangiaji wa kujitolea ingefungwa ndani ya ngozi ile ya kwanza.

Mfano wa pili ni Moodle, mfumo wa kujifunzia uliotungwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa toleo lake la kwanza mwaka 2002. Humo majaribio, mijadala na kazi za kukusanya ni sehemu zinazojitegemea. Mandhari ni sura tu. Chuo kinaweza kubadilisha rangi na nembo asubuhi, na mchana mwanafunzi akaendelea na jaribio lake kana kwamba hapana lililotokea.

Mfano wa tatu ni wa nyumbani. Mwaka 2017 mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara zilizinduliwa tovuti zenye muundo wa namna moja. Anayetoka kusoma matangazo ya Bariadi akaenda kusoma ya Maswa hukuta vitu vile vile mahali pale pale. Kila halmashauri ina habari zake, lakini haikulazimika kubuni sura yake. Hapa tunapata jibu la hoja (b): umoja wa sura unaweza kupatikana bila kuifunga habari ya mtu ndani ya sura ya mtu.

Swali hili katika ufundishaji

Sasa tugeukie darasa, maana jarida hili ni la mbinu za kufundishia, na swali letu lina mzizi wake humo.

Ubao ni kitu kimoja, chaki ni kitu kingine. Vijana wa hapa mkoani kwetu, wilayani Maswa, walipoanzisha utengenezaji wa chaki katika miaka ya 2010, hawakuulizwa kama chaki zao zinafaa kwa ubao wa shule fulani tu. Chaki hufaa kwa kila ubao, na ubao hupokea chaki ya kila kiwanda. Kama mtu angeuza ubao ambao unakubali chaki yake peke yake, na ambao ukipasuka maandishi yote yaliyopata kuandikwa juu yake hupotea hata katika madaftari ya watoto, tungemwona mlaghai. Lakini ubao wa namna hiyo ndio tunaoununua tunapochagua mandhari kwa kuhesabu wingi wa mambo yake.

Au tuchukue madawati. Mwalimu anayetaka kufundisha kwa vikundi huyasogeza madawati yakatazamana; akitaka kusimulia hadithi huwaketisha watoto duara. Darasa ambalo viti vyake vimejengewa sakafuni kwa saruji ni imara na ni rahisi kwa siku ya kwanza: hakuna kiti kitakachovunjika wala kuibwa. Lakini mbinu shirikishi zimekwisha kufa humo kabla mwalimu hajaingia. Jengo limemchagulia mbinu. Vivyo hivyo mandhari iliyosheheni humchagulia mwalimu aina ya maswali, namna ya kusahihisha, hata mpangilio wa mada. Kama mandhari inajua maswali ya kuchagua tu, basi mwalimu ataacha kuuliza maswali ya kueleza, na baada ya muda ataamini kwamba ameacha kwa hiari yake.

Lipo pia jambo la uhamisho. Mwalimu wa Tanzania huhama. Leo yuko Sola, kesho yuko Itilima au Meatu. Anapoondoka humwachia mwenzake azimio la kazi, maandalio ya masomo na daftari la mahudhurio, na kila mwalimu mwingine aweza kuvisoma kwa sababu havikuandikwa kwa lugha ya siri. Tovuti nayo yapaswa kurithiwa hivyo hivyo. Programu-jalizi inayojitegemea ina jina, ina maelezo, na mwalimu mgeni aweza kuitafuta akajifunza. Kazi iliyofichwa ndani ya mandhari haina jina. Aliyeipokea hajui hata kama ipo.

Mwisho, na hili ndilo zito kuliko yote, yapo majina na alama za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imetukumbusha jambo ambalo mwalimu mwema alilijua siku zote, kwamba habari za mtu ni amana. Mwalimu asiyejua ni sehemu ipi ya tovuti yake inayohifadhi majina ya watoto, atawezaje kuyalinda, na atamjibu nini mzazi atakapouliza?

Maoni yetu

Kwa sababu hizo, maoni yetu ni kwamba mandhari isibebe kazi za programu-jalizi. Hata hivyo hatutaki kanuni hii igeuke kuwa wimbo wa kukariri. Mwanachuo anahitaji kipimo atakachokitumia mwenyewe, na kipimo tunachopendekeza ni swali moja: Tukiivua mandhari hii leo, mtoto atapoteza nini?

Kama atapoteza rangi ya samawati, herufi za duara au mpangilio wa safu mbili, basi kitu hicho ni cha mandhari na kikae humo. Kama atapoteza zoezi, jibu, alama au tangazo la mtihani, basi kitu hicho si cha mandhari, hata kama muuzaji amekiweka humo na hata kama kinapendeza.

Kwa kipimo hiki yapo mambo ambayo mandhari inaruhusiwa, bali inalazimika, kuyafanya vizuri: kusomeka katika kioo kidogo cha simu, kuwa na herufi zinazotosha kwa mtoto anayeanza kusoma, kufunguka upesi penye mtandao dhaifu, na kumwezesha mwenye uoni hafifu kusoma. Mandhari inayoyaacha haya ikakimbilia kalenda na fomu imeacha kazi yake na kushika ya jirani.

Kwa upande mwingine hatusemi kwamba programu-jalizi ni nzuri kwa kuwa ni programu-jalizi. Thelathini kwa mkupuo ni mzigo kuliko mandhari iliyosheheni, na hoja (c) na (d) za wapinzani wetu huwa za kweli kabisa hapo. Programu-jalizi nazo hutelekezwa na waliozitengeneza. Tofauti ni kwamba moja ikitelekezwa huondolewa yenyewe, ikatafutwa nyingine ya kazi ile ile, na tovuti ikabaki imesimama. Jino bovu hung'olewa, hatukati taya.

Na kwa yule mwalimu wa hoja (a), asiye na muda wala mtu wa kumwuliza, iko njia ya kati. Mandhari nyingi nzuri hazibebi kazi za ziada bali hupendekeza programu-jalizi zinazopatana nazo, na mwalimu huziweka kwa hatua chache. Anaanza siku ile ile, lakini kila kitu kina mahali pake na jina lake.

Utaratibu wa kufuata

Mwanachuo atakayepewa kazi ya kuanzisha tovuti ya shule na afuate hatua hizi:

1. Kabla ya kutazama mandhari yoyote, aandike katika daftari orodha ya mambo ambayo shule inayahitaji kweli. Mara nyingi hayazidi manne au matano.

2. Achague mandhari nyepesi, aifungue kwa simu ya bei nafuu penye mtandao dhaifu, na aone kama inasomeka.

3. Kwa kila hitaji lililobaki achague programu-jalizi moja tu, ambayo inasasishwa na ambayo maelezo yake anayaelewa. Ambayo haitumiki aiondoe.

4. Aweke nakala ya akiba ya yaliyomo, na aihifadhi mahali pengine nje ya tovuti. Maandishi ya mazoezi yawepo pia katika faili za kawaida.

5. Kabla ya kuweka kazi ya watoto hata moja, afanye jaribio la kuvua: abadilishe mandhari kwa muda, atazame kilichobaki, kisha airudishe. Hili ndilo jaribio ambalo sisi hatukulifanya.

6. Aandike katika daftari la makabidhiano jina la kila programu-jalizi, kazi yake, na tarehe ya kusasishwa. Daftari hilo likae ofisini kwa mwalimu mkuu, si mfukoni mwake. Nywila zikabidhiwe kwa utaratibu wa shule.

7. Asiweke majina kamili wala alama za watoto pasipo sababu ya lazima na idhini inayostahili.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mandhari iliyosheheni humpendeza mwalimu siku ya kwanza na kumfunga siku nyingine zote. Kwamba huficha kazi badala ya kuipunguza. Na kwamba mifumo iliyodumu ni ile iliyoitenga sura na yaliyomo. Watakaopinga wapo, nasi tunawakaribisha watujibu katika kurasa hizi, maana hoja hukomazwa na hoja.

Yule mwanachuo wa mazoezi ya mizani sasa ni mwalimu. Tulipompelekea maandishi yake tuliyoyaokoa, hakutuuliza kitu juu ya rangi wala juu ya picha zinazopishana. Aliuliza kama majibu ya watoto yamo. Tulilazimika kumjibu kwamba hayamo. Tungependa msomaji wa makala haya asipate kumjibu mtu hivyo.

Maswali ya kujadili

1. Chagua tovuti moja ya elimu unayoitumia. Orodhesha mambo yake kumi, kisha ueleze yapi ni ya mandhari na yapi yanapaswa kuwa ya programu-jalizi. Toa sababu.

2. "Mwalimu asiye na muda hana budi kuchukua kilicho tayari." Jadili kauli hii kwa kuzingatia hali ya shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha.

3. Taja zana moja ya kufundishia ambayo humchagulia mwalimu mbinu badala ya mwalimu kuichagua. Je, ungeifanyia marekebisho gani?